Nusu Nauli ya Wageni

Usitazame simu. Siku ile pia uliitazama simu.

Ulikuwemo ndani ya basi, siti ya dirishani, wakati konda Sele anamshusha Rosa pale Bonga mvua ikinyesha. Rosa alikuwa na sare na begi mgongoni, anarudi shuleni Kondoa. Alikuwa ameliona bango stendi ya Babati: NUSU NAULI KWA WANAFUNZI WA KIMATAIFA. Akasema na yeye ni mwanafunzi, kwa nini asilipe nusu?

"Wa kimataifa wa wapi?" Sele alimuuliza. "Wa hapo Nangara?"

Mkacheka. Ndiyo, na wewe. Rosa akashuka, basi likaondoka, na lori la mbaazi lililokuwa likija nyuma halikumwona kwenye ukungu.

Tajiri wa basi, mzee Alawi, alikuja msibani na kiroba cha mchele. Akakaa kwenye kochi la Leonia, mama wa marehemu, akavua kofia, akasema maneno ambayo Leonia anatembea nayo mpaka leo kama mwiba kwenye unyayo:

"Pole sana, Mama Rosa. Lakini kanuni ni kanuni. Hata angekuwa mwanangu, angeshushwa."

Kisha, ili kumziba mdomo, akampa kazi ya kukatisha tiketi dirishani mwa kibanda chake cha stendi. Majirani walimsema vibaya. Unakulaje ugali wa watu hao? Leonia aliingia kwenye kile kibanda, akakaa, akasubiri.

Bango halikutolewa. Wazungu waliokuja kufanya utafiti wao vijijini walilipa nusu, wakakaa mbele karibu na dereva, na Alawi akawapiga picha za kuweka mtandaoni. Kwa Sele kanuni ilikuwa nyepesi: kimataifa ni ngozi. Tajiri mwenyewe ndiye aliyemwambia, Leonia akisikia: "Mweusi akikuonyesha tiketi ile ya nusu, huyo mwizi. Aongeze hela au mshushe hapohapo. Na usinipigie simu kuniuliza."

Leo asubuhi, mvua imeshika tangu alfajiri, msichana mmoja mwenye mtandio na mabegi mawili mazito alisimama dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wapi?"

"Kondoa. Ila..." Akasogeza kitambulisho. "Nasoma Uturuki. Nimeona bango. Kadi yangu ya benki imegoma, na simu haina laini ya huku. Niliyonayo inatosha nusu tu."

Leonia hakukitazama sana kitambulisho. Alimtazama mwenyewe.

"Kondoa ndiyo kwenu?"

"Kwa baba. Mama alinichukua nikiwa mdogo sana, sijamwona baba tangu hapo. Hajui kama nakuja. Nataka afungue mlango tu, anikute."

"Anaitwa nani, huyo mwenye bahati?"

Msichana akainama mpaka kwenye nondo za dirisha, akamnong'oneza, kisha akacheka mwenyewe kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

Kalamu ya Leonia ilisimama. Halafu ikaendelea.

"Sasa nisikilize," alisema taratibu. "Njiani usimtajie mtu wewe ni wa nani. Watu wa huku hawana breki mdomoni, watampigia simu kabla hujafika. Utaharibu kila kitu."

"Simtajii mtu, mama. Yaani wewe ndiye wa kwanza kunipokea vizuri tangu nishuke kwenye ndege."

Leonia akamkatia nusu. Juu ya tiketi akaandika KIMATAIFA, herufi kubwa za kusomeka kwa mbali. Akatoka kibandani, akambebea begi moja mpaka mlangoni mwa basi, akamkalisha mbele kabisa, siti ya wazungu. Sele alikuwa nyuma akigombana na mtu juu ya gunia.

Praygod, muuza biskuti, akashika kiuno.

"Loo! Mama Rosa, leo unamkatia mtu mweusi nusu? Tajiri atakufukuza."

"Nampa haki yake," Leonia alisema.

"Hapo sawa! Ungeanza zamani."

Basi likatoka. Leonia akarudi dirishani, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Kahawa ikapoa kikombeni. Simu ilipoita, aliipokea kabla haijarudia mlio.

"We Mama Rosa, leo umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya Sele, na nyuma yake kicheko cha basi zima. "Umemkatia Mswahili tiketi ya wazungu! Namwambia aongeze, hana. Namuuliza wa kimataifa wa wapi, ananyamaza tu, analia. Nimemshusha Bonga na mabegi yake."

"Bonga wapi?"

"Si unapajua. Palepale."

Leonia akafumba macho.

"Ukungu upo?"

"Mwingi, mama. Huoni hata mtaro."

Alikata simu. Akalibandua bango ukutani, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kapu pamoja na kanga yake na picha ya Rosa iliyokuwa imekaa muda wote chini ya kikokotoo. Alikuwa anafunga kibanda simu ilipoita tena. Tajiri. Sauti yake ilikuwa juu, ya furaha, ya mtu anayeongea huku anatembea.

"Mama Rosa! Nimepigiwa simu na mama yake Najma. Mwanangu katua nchini, anapitia hapo Babati! Akifika kwako, nauli asilipe, mpe siti ya..."

"Alifika, mzee, nikampa ya mbele," Leonia alisema. "Kashushwa Bonga. Kanuni ni kanuni."

Na wewe wa siti ya dirishani, leo umo tena, na umecheka tena. Weka simu chini, simama, mgongee dereva ageuze basi. Sasa hivi, kabla lori jingine halijafika.