Mzee Bado

"Bado," alisema mzee wa kizuizi, akarudi kusimama kwenye nguzo yake.

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Dereva wa gari la wagonjwa alipiga usukani kwa kiganja, akamlaani kimoyomoyo, maana alishamsomea hata jina la mgonjwa kwenye barua ya rufaa. Nyuma yake alilala binti aliyeshikwa na uchungu tangu jana alfajiri, na mtoto hataki kutoka. Zahanati walikomchukua haikuwa na daktari wa kupasua. Hospitali yenye daktari ilikuwa ng'ambo, mwendo wa nusu saa tu, na katikati kulikuwa na daraja la chini lililomezwa na mto.

Masika ya mwaka huo hayakuwa na adabu. Siku tisa mfululizo yalinyesha, mchana na usiku, na foleni ya malori na mabasi ilipinda mpaka nyuma ya kilima. Pembeni mwa daraja palikuwa na nguzo yenye mstari mwekundu. Maji yakiufunika mstari, mti wa kizuizi hushushwa na kupigwa kufuli, na ufunguo huning'inia shingoni mwa yule mzee. Miaka kumi na minane alikuwa akiwajibu wasafiri neno lile lile, wakamsahau jina wakamwita Mzee Bado.

Nesi alifungua kidirisha nyuma ya kiti cha dereva. "Presha inashuka. Tukiendelea kukaa hapa tutawakosa wote wawili."

Dereva akashuka, akaenda mbio kwenye mvua.

"Shikamoo mzee wangu. Nipo chini ya miguu yako. Gari langu ni zito, litapita."

"Marahaba. Anapumua vipi?"

"Kwa shida. Njoo umwone mwenyewe."

"Sitaki kumwona. Nikimwona nitafungua."

Hapo damu ikamchemka dereva. Ndivyo walivyo hawa, mpe mtu kofia na kufuli, utu wote unamtoka. Alimkunja mzee shati, akaukamata ule ufunguo. Abiria wa basi la mbele, waliokuwa wameshachoka kukaa, wakamchochea: mnyang'anye, huyo hana roho. Mzee hakujitetea hata kidogo. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na dereva akadhani ni baridi.

"Masika ya mwaka jana palikuja basi dogo," mzee alisema taratibu. "Dereva wake naye aliniambia gari zito. Nikamhurumia, nikafungua. Watu kumi na mmoja. Niliwaopoa mimi, kwa mikono hii."

Kabla dereva hajajibu, gogo nene lilikuja na mkondo, likakatiza juu ya daraja na kupotelea upande wa pili. Lilipita pale pale ambapo gari lingekuwa. Dereva aliuachia ufunguo, lakini chuki hakuiachia. Alirudi garini akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Saa sita mchana ikapita, na saa saba. Mara moja mzee alikuja dirishani, akampa dereva koti lake la mvua bila kutupa jicho kule nyuma.

"Mfunikeni miguu," alisema, akaondoka akiwa na shati tupu.

Dereva alilipokea na hakusema asante. Koti la nini sasa, wakati kinachotakiwa ni njia?

Saa nane na robo mvua ilikuwa imepungua, na mstari mwekundu ukaanza kuchomoza. Mzee alisubiri uonekane wote, huku dereva akimtukana matusi ambayo mamake hakumfundisha. Kisha kufuli likafunguka na mti ukapanda.

Dereva alikuwa anatia gia aliposikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mzee alishamwachia mwenzake aliyekuja kumpokea zamu kofia na ufunguo, na sasa alikuwa anapanda na matope yake.

"Humu hapandi mtu," nesi alimwambia, "isipokuwa ndugu wa mgonjwa."

Mzee alipiga magoti kando ya machela, na kupitia kile kidirisha dereva aliuona mkono wa binti ukipapasa mpaka ukaishika kola ya mzee.

"Baba," alisema binti, "mbona umekawia?"