Mkuu wa Maji Arudishwa Nyumbani

Siku hizi kiongozi ambaye moyo wake unakwenda mbio kwa dakika kumi huvuliwa madaraka na kurudishwa nyumbani apumzike. Bangili ya mkononi inayopima mapigo ya moyo ndiyo inayoamua.

Bomba kuu la mji lilipopasuka asubuhi, bangili ya Kokuteta, mkuu wa mamlaka ya maji, iliwaka nyekundu. Nafasi yake akapewa naibu wake, Kamugisha, ambaye moyo wake ulikuwa shwari.

"Ametulia kwa sababu hajui lolote!" Kokuteta alimwambia mumewe jikoni kwa hasira. "Mimi nimezaa mapacha, nimemuuguza mama miaka mitatu, nimeuvusha mji huu kwenye mafuriko, na mara zote moyo ulinidunda hivi hivi. Mdundo huo ndio unaonifanya niwe macho!"

Simu ikaita. Alikuwa Kamugisha. "Mama, nifunge valvu ipi?"

Akamwelekeza hatua kwa hatua, sauti imara. Kufikia adhuhuri maji yalirudi, na tangazo la mji likamsifu Kamugisha kwa utulivu wake.

Kokuteta alimkuta binti yake wa miaka tisa mbele ya kioo, uso umepoa, akipumua polepole.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Najifunza kutojali, mama. Nikiwa mkuu, wasije wakanirudisha nyumbani."