Tasbihi Chini ya Kiti

"Ni mtumba, dada, lakini halili mafuta wala halisumbui," dalali alisema. "Limetoka Ulaya moja kwa moja. Hapa nchini halijapandwa na mtu."

Ramla alilipenda gari lile. Alipoinama kusogeza kiti, vidole vyake viligusa tasbihi. Punje moja ilikuwa kifungo chekundu, alichokitunga yeye mwenyewe kwa ajili ya kaka yake Mahfudhi, aliyetoweka tangu masika.

Aliificha tasbihi ndani ya mkono wa gauni, akajilazimisha kutabasamu.

"Naweza kulijaribu?"

"Twende." Dalali aliketi kando yake, akafunga mlango.

Walipofika njia panda, Ramla alikata kona kuelekea kituo cha polisi.

"Mbona huku?" dalali aliuliza, na mkono wake ukaanza kunyooka taratibu kuelekea kwenye usukani.