Kijitundu cha Kauri

Uzi wa hariri ulikatika mara ya nne asubuhi hiyo, na msimamizi akamwambia mama aliyekuwa akiuvuta kutoka kwenye beseni la maji ya moto avue aproni aende zake.

Fundi wa mashine, mtoto wa kaka wa mama huyo, alikuwa amepiga magoti pembeni. Shangazi huyo ndiye aliyemtafutia kazi hapo kiwandani. Fundi akapitisha kidole kwenye kijitundu cha kauri, kipete kidogo kinachoongoza uzi. Ukingo wake ulikuwa umemeguka, ukamchana.

Kila Jumamosi alipaswa kukikagua. Jumamosi tatu mfululizo alikuwa ameweka tiki kwenye fomu bila hata kufungua kifuniko.

“Fundi, mashine ina tatizo?” msimamizi akauliza.

“Haina,” shangazi akamjibia. “Huyu namjua, kazini hazembei. Ni vidole vyangu tu, vimechoshwa na haya maji ya moto.”

Akavionyesha, vyeupe, vimekunjamana, huku akimtazama mtoto wa kaka yake kwa fahari.

Fundi alihisi uso unawaka. Kijitundu kipya kingewekwa kwa dakika moja tu, na nani angejua?

“Shangazi, vidole vyako havina kosa,” akasema, macho yakiwa sakafuni. “Ni mimi.”