Mikanda ya Wajukuu

Mbele ya gereji, Bwana Lukindo alifungua mlango wa nyuma wa jipu lake kuukuu kwa madaha ya bwana harusi. Mabenchi yalikuwa yamevikwa mahameli, na wajukuu wake watatu walikwisha kujifunga mikanda mipya, tayari kwa safari ya milimani.

"Tazama kazi, fundi. Nimeifanya mwenyewe."

Fundi Shabiri aliinua ukingo wa mahameli. Mikanda ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye mbao. Alikuwa ameona wajinga wengi, lakini mjinga mwenye mahameli alikuwa wa kwanza. Akauvuta mkanda wa mdogo wao kwa vidole viwili, msumari ukatoka.

"Mzee, mkanda hufungwa kwa bolti kwenye chuma cha gari lenyewe. Huu haumzuii hata kuku."

"Una maneno mengi. Sisi tulipanda magari bila mikanda, tukakua."

"Waliokua ndio wanaosimulia, mzee."

Lukindo akaurudisha msumari tunduni kwa kidole gumba, akaufunika. "Tayari."

Shabiri alikwenda mbele, akachomoa ufunguo, akautumbukiza ndani ya pipa la oili chafu. Nyuma, watoto waliendelea kukaa wima, mikono magotini, wakingoja gari liondoke.