Pikapu Iliyovuka Ndarugu

Niliona nyasi za mtoni zimejisokota kwenye ekseli ya pikapu, bado mbichi, nikakasirika.

Pikapu hiyo tulikopeshwa, ya kupeleka maziwa kutoka Ruiru hadi Thika kila siku. Aliyetukopesha alisema waziwazi kwamba ikiacha barabara ya lami kabla hatujamaliza kulipa, ataichukua. Na asubuhi hiyo alikuwa anakuja kuikagua.

"Uliipeleka wapi jana?"

Mwanangu Mbaluka akacheka. "Ni mto Ndarugu tu, mama. Wenzangu walisema haitavuka. Ikavuka kama kiboko!"

"Na kesho kiboko ndiye atakayebeba maziwa?"

Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi haraka haraka. "Akiuliza, sema ulinituma kwa mgonjwa huko shambani. Wewe ni mtu wa kanisa, atakuamini."

Hapo hasira ikazidi. Mto ningemsamehe. Lakini alitaka kuchukua imani yangu aifanye tambara la kufutia matope.

Mwenye gari akafika, akavua kofia. "Habari ya asubuhi, mama."

"Mbaluka, simama," nikasema. "Mwambie mwenyewe."