Mafuta Juu ya Maji ya Kisima

Tangu kiwanda cha nguzo za umeme kilipoanza kumwaga dawa yake ya mchwa bondeni, kisima cha Bi Tunu kilikuwa kikinuka, na majirani waliacha kuja kuteka. Mpwa wake Rehani, mtaalamu wa kemia, akaleta tangi la kioo lenye ukuta mfupi katikati. Upande mmoja alitia maji ya kisima, upande wa pili maji ya magadi, kisha akamimina mafuta ya alizeti yakafunika pande zote mbili.

"Mafuta tena? Si unazidi kuyaharibu?" Bi Tunu aliguna.

"Sumu hii inapenda mafuta, shangazi. Itapanda humo, ivuke hadi upande wa pili, na huko magadi yataigeuza chumvi isiyopenda mafuta. Haitarudi."

Asubuhi iliyofuata Rehani alivuta maji ya kisima kutoka chini ya mafuta kwa mpira mwembamba, akayapima akaona sumu imekwisha, kisha akampa shangazi yake bilauri. Bi Tunu alinusa, akanusa tena. Akanywa taratibu, macho kayafumba.

"Ndiyo haya," alisema. "Maji ya kisima alichochimba marehemu mume wangu."

Akatoka uani, bilauri mkononi, akamwita jirani yake kwa sauti: "Mwanahawa! Njoo uonje!"

Ng'ambo ya ua, mlango ukafunguka.